Bufee ya mchana katika mgahawa wa Kihindi wa Masaki: vyakula vinavyovumilia moto na visivyovumilia

Shilingi 65,000 kwa mtu mmoja, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa imo ndani yake, ni fedha nyingi kwa mlo wa mchana jijini Dar es Salaam, mji ambao kwa vizazi vingi umekula bajia, kachori, sambusa na biriani kwa bei ya mtu wa kawaida katika mitaa ya Kisutu, Upanga na Kariakoo. Mgahawa unaotoza kiasi hicho hauwezi kupimwa kwa wingi wa vyakula vilivyopangwa mezani, kwa kuwa wingi ndilo jambo rahisi kuliko yote katika bufee. Kipimo ninachokitumia hapa ni kingine: jinsi jiko linavyoshughulika na muda, yaani zile saa mbili na nusu kati ya mlango kufunguliwa saa sita na nusu na vyombo kuondolewa saa tisa, ambamo chakula kilichopikwa vizuri asubuhi kinaweza kubaki kizuri, kikazidi uzuri, au kikaharibika huku kila mtu akikitazama. Mgahawa ninaouzungumzia uko Masaki, katika rasi ya Msasani. Nimekula hapo siku za kawaida za kazi na siku za Ijumaa pia, na kwa kuwa nitazieleza kasoro zake pamoja na sifa zake, sitautaja kwa jina.

Kufika si tabu kama ilivyokuwa zamani. Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, mtu anayefanya kazi katikati ya mji anaweza kuvuka kuelekea Oysterbay na Masaki bila kusubiri foleni yote ya Salenda. Ukumbi ni mpana na mtulivu, vitambaa vya meza ni vizito na vimepigwa pasi, maji huletwa katika bilauri za shaba, na wahudumu wanaondoa sahani zilizotumika kabla mgeni hajarudi na sahani mpya. Jambo lililonivutia kuliko mapambo yote ni ukuta wa kioo unaotenganisha ukumbi na sehemu ya jiko, kwa sababu kupitia kioo hicho mlaji anaona tanuri za udongo zikifanya kazi, anaona ni nani anayepika, na anaona ni wakati gani chakula kipya kimetoka.

Ni vyema msomaji aelewe tangu mwanzo ni chakula cha India ipi kinachopakuliwa hapa. Sehemu kubwa ya familia zenye asili ya India nchini Tanzania zilitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na chakula tulichokizoea kutoka kwao, kuanzia kachori na bajia hadi dengu zenye utamu na uchachu wa ukwaju, ni cha huko. Bufee ya mgahawa huu haitoki huko. Sehemu yake kubwa ni chakula cha kaskazini, cha Punjab na Delhi: kuku wa tanduri, yaani aliyechomwa katika tanuri ya udongo, kuku wa siagi, dal makhani, paniri (jibini ya Kihindi) katika mchuzi wa mchicha, na mkate wa naan. Mtindo huo ulienea katika migahawa ya hadhi duniani kwa sababu ya historia inayojulikana vizuri. India ilipogawanywa mwaka 1947, wapishi na wafanyabiashara waliohama Peshawar, mji uliobaki upande wa Pakistan, walifungua mgahawa wa Moti Mahal katika eneo la Daryaganj mjini Delhi, wakaleta tanuri ya udongo katika ukumbi wa kulia chakula, na kutoka hapo kuku wa siagi na dal makhani vikapata umaarufu. Hadi leo heshima ya kuvibuni vyakula hivyo inagombaniwa, na mwaka 2024 familia za waasisi wa mgahawa ule zilifikishana katika Mahakama Kuu ya Delhi kwa sababu hiyo. Mtu anayekwenda Masaki akitarajia chakula cha bibi yake Mgujarati hatakikuta, na hilo si kosa la jiko.

Chakula kilicho bora kuliko vyote katika bufee hii, bila ushindani wa karibu, ni dal makhani. Choroko nyeusi nzima hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa taratibu kwa saa nyingi pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na nyanya, na mwishoni huingizwa siagi na krimu. Mgahawa wa Bukhara katika hoteli ya ITC Maurya mjini New Delhi umejijengea jina kwa dengu za aina hiyo, zinazokaa juu ya moto mdogo kwa saa 18. Chakula kilichozaliwa kwa moto wa polepole hakiogopi chombo cha bufee, kwa kuwa kile ambacho moto mdogo wa chini unakifanya kwa saa mbili ni kuendeleza kazi ambayo jiko liliianza tangu jana yake. Hapa Masaki nimeionja dal hiyo mwanzoni mwa bufee na nikairudia karibu na kufungwa, na ile ya mwisho ilikuwa nzito zaidi, choroko zikiwa zimepasuka na kuungana na mchuzi, na harufu ya moshi ikiwa bado ipo. Chumvi ilikuwa ya kiasi. Siagi ilisikika bila kuacha mafuta mdomoni, jambo ambalo migahawa mingi hushindwa kulidhibiti kwa kudhani kwamba utajiri wa chakula ni wingi wa mafuta yanayoelea.

Kuku wa siagi naye anavumilia vizuri, kwa sababu nyama yake imezama katika mchuzi wa nyanya, krimu na korosho zilizosagwa, na mchuzi huo unaizuia isikauke. Kilichonifurahisha ni kwamba mpishi ametumia majani makavu ya uwatu kwa mkono mwepesi. Majani hayo ndiyo yanayotoa ule uchungu mdogo unaoukata utamu wa nyanya, na yakizidi huufanya mchuzi wote uwe na ladha ya dawa. Korma ya mbuzi ilikuwa nzuri pia, nyama ikiachana na mfupa, ingawa iliki ilikuwa imetiwa kwa wingi kuliko nipendavyo. Paniri katika mchicha ndiyo iliyonisikitisha. Paniri hugandishwa kwa ndimu au siki na kwa hiyo haiyeyuki katika moto kama jibini nyingine, lakini ikikaa muda mrefu katika joto hukaza na kuanza kutafunwa kama mpira, na vipande nilivyovichukua kuelekea saa nane vilikuwa vimefikia hali hiyo. Mchicha wenyewe, ambao mwanzoni ulikuwa na rangi ya kijani inayovutia, ulikuwa umegeuka kuwa wa rangi ya majani makavu. Dawa ya tatizo hili ni kupika kidogo na kubadilisha chombo mara nyingi zaidi.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo nalilaumu kwa dhati, yaani kuku wa tanduri kuwekwa katika chombo chenye mfuniko na maji ya moto chini yake. Tanuri ya mkaa inaweza kufikia joto la nyuzi 480 za Selsiasi, na uzuri wa nyama inayopikwa humo unatokana na joto hilo kavu, linalounguza ngozi ya nje kidogo kidogo huku ndani kukiwa bado kuna unyevu. Ukiichukua nyama hiyo ukaifunika juu ya mvuke, umekitengua kila kilichofanywa na tanuri: ngozi inalowa, ile harufu ya kuungua inafifia, na maji yanayotoka katika nyama yanakusanyika chini ya chombo pamoja na mtindi na pilipili. Niliona kwa macho yangu, kupitia kile kioo, mishikaki ikitolewa tanurini ikiwa katika hali ya kutamanisha, na dakika chache baadaye nikaila ikiwa imelegea. Mgahawa unaojua kupika tanduri kwa kiwango hiki hauna sababu ya kuiua kwa mvuke. Ingetosha kabisa mhudumu apite mezani na sinia, ampe kila mlaji kipande au viwili vya moto, kisha apite tena baada ya muda.

Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu jiko hilihili linafanya hivyo kwa mikate, na linafanya kwa ufasaha. Nilipokuwa nikitafuta naan kwenye meza ya bufee, mhudumu kijana aliniambia kwa upole, “Dada, mikate haipo hapa. Kaa tu, tutakuletea ikitoka tanurini.” Ndivyo ilivyokuwa. Naan huiva kwa dakika moja au mbili tu ikiwa imebandikwa kwenye ukuta wa tanuri, na ubora wake huanza kupungua karibu mara tu inapotolewa, kwa kuwa unyevu hutoka na unga hukaza. Kuileta mezani ikiwa bado ina mapovu yaliyoungua, imepakwa siagi na kunyunyiziwa kotimiri, kunagharimu wahudumu zaidi na mpangilio zaidi, na mgahawa umekubali gharama hiyo. Kwa uamuzi huo mmoja bufee hii inajitenga na nyingi nilizozionja mjini, ambazo mikate yake hupangwa ndani ya kikapu chini ya kitambaa mpaka ikawa ngumu.

Biriani inahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu mlaji wa pwani ana biriani yake kichwani na ataipima nyingine kwa hiyo. Biriani ya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa hupakuliwa wali peke yake, wenye rangi ya zafarani na vitunguu vilivyokaangwa juu yake, na masala ya nyama peke yake, mazito, yenye viazi na mtindi. Hapa kuna biriani ya mtindo wa Hyderabad, ambayo nyama iliyolowekwa katika mtindi na viungo huwekwa mbichi chini ya chungu, wali ulioiva nusu ukamwagwa juu, kisha mfuniko ukazibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na vyote vikaivishwa pamoja kwa moto mdogo. Ni kazi ya mpishi jasiri, kwa sababu chungu kikishazibwa hawezi kuonja wala kurekebisha, na nyama na wali sharti viive kwa wakati mmoja.

Mgahawa umelielewa jambo hilo. Badala ya kupika sufuria moja kubwa ya kutosha ukumbi mzima, jiko hupika vyungu vidogo kwa zamu, na kila kimoja hufunguliwa mbele ya walaji kile cha awali kinapokaribia kwisha. Mvuke unapotoka, harufu ya karafuu, mdalasini, iliki na mnanaa hujaza ukumbi. Wali ni wa basmati mrefu, punje zinaachana, nyingine nyeupe na nyingine za manjano, na ukichota kwa kina unapata nyama ya mbuzi iliyoiva katika mchuzi wake mwenyewe. Kwa maoni yangu bado biriani ya pwani ina faida moja, kwamba kila mtu hujichanganyia masala na wali kwa kadiri anavyotaka, na katika bufee faida hiyo ni kubwa, kwa sababu wanaotangulia kwenye chungu cha Hyderabad huchota juu na wanaofuata hubaki na sehemu ya chini yenye mchuzi mwingi. Mhudumu aliyesimama hapo na upawa alikuwa akijitahidi kuwapakulia watu kutoka juu hadi chini kwa mkato mmoja wa wima, na nawashauri wasomaji wamwachie yeye kazi hiyo kuliko kujipakulia.

Kuhusu vyakula vya kukaanga sina mengi. Sambusa na bajia zilikuwa za kawaida, na baada ya nusu saa chini ya taa ya kupashia zililainika, kama vyakula vyote vya kukaanga vinavyosubiri. Meza ya dosa ni hadithi nyingine, kwani dosa, aina ya chapati ya mchele na choroko, hukaangwa papo hapo kwenye bamba la chuma, nyembamba na yenye kuvunjika, pamoja na chatini ya nazi iliyosagwa upya. Chatini hiyo, kama dosa yenyewe, inatoka kusini mwa India, na kwa mtu aliyelelewa na nazi haina mfano.

Walaji wasiokula nyama wametendewa kwa heshima, na jambo hili lina uzito katika mji wenye mahekalu ya Kihindu katika mtaa wa Kisutu na familia nyingi ambazo hazijawahi kuingiza nyama jikoni. Vyakula vya mboga viko kwenye meza yake yenyewe, upande wa pili wa ukumbi, na kila chombo kina mwiko wake. Nilipouliza kuhusu waumini wa dini ya Jaini, ambao hawali vitunguu, vitunguu saumu wala mazao ya mizizi kama viazi na karoti, niliambiwa kwamba jiko huwaandalia chakula chao wakitoa taarifa asubuhi. Nyama yote, kwa mujibu wa meneja, ni ya machinjo ya halali, na nyama ya ng’ombe na ya nguruwe hazipikwi hapo kabisa. Vinywaji vyenye kilevi vinauzwa, lakini baa iko katika chumba tofauti.

Usalama wa chakula katika bufee ni jambo ambalo wateja wetu hawaliulizi vya kutosha. Kanuni inayotolewa na Shirika la Afya Duniani ni nyepesi kukumbuka: chakula cha moto kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya viwango hivyo viwili bakteria huongezeka haraka. Wali ni wa kuangaliwa hasa, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake huweza kunusurika katika kuchemshwa na kisha kuzaliana wali ukiachwa uwe vuguvugu. Hapa michuzi yote niliyoipakua ilikuwa ikitoa mvuke, na raita ya matango na mtindi ilikuwa imewekwa juu ya barafu iliyobadilishwa ilipoyeyuka. Saladi za matunda hazikuwa na barafu, na katika joto la Dar es Salaam embe lililokatwa halipaswi kusubiri hivyo.

Vitamu ni vichache na vimechaguliwa kwa busara. Gulab jamun, ambayo kwa umbo inakaribiana na kaimati zetu lakini hutengenezwa kwa maziwa yaliyokaushwa badala ya unga wa ngano uliochachushwa, hukaa ndani ya shira ya vuguvugu yenye iliki, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyonyonya shira na kulainika. Halua ya karoti ilikuwa na samli safi. Chai ya maziwa yenye tangawizi huletwa mezani mwishoni na imo ndani ya bei, lakini lasi ya embe, kinywaji cha mtindi, hutozwa kando, na mgeni haambiwi hivyo mpaka anapoletewa hesabu. Bei ya lasi si tatizo. Tatizo ni kwamba mhudumu anayeitoa kwa maneno “tukuletee na lasi?” anamfanya mgeni aamini kwamba ni sehemu ya bufee.

Je, fedha hizo zinastahili? Usiku, katika orodha ya kawaida ya mgahawa huohuo, chungu kimoja cha biriani, sahani ya dal makhani na naan mbili hufikia karibu kiasi cha bufee nzima, kwa hiyo kwa mtu mwenye njaa ya kweli na nafasi ya kukaa, mchana ni nafuu. Kwa mtu mwenye dakika 40 za mapumziko ya kazi si nafuu hata kidogo, kwa sababu chakula hiki kinamtaka mlaji asubiri naan itoke na chungu kipya cha biriani kifunguliwe. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, mtu akifika saa sita na nusu kamili, ambapo paniri bado ni laini na mchicha bado ni wa kijani. Ijumaa ukumbi hujaa kuanzia saa saba na nusu, watu wanapotoka msikitini, na ingawa msongamano huo unawachosha wahudumu, una manufaa yake, kwa kuwa vyombo huisha haraka na vipya huletwa mfululizo. Kuku wa tanduri aliye karibu na ubora wake nilimpata siku hiyo ya Ijumaa, kwa sababu hakupata nafasi ya kukaa chini ya mfuniko.

Ombi langu kubwa kwa uongozi linahusu vibao vya majina vilivyowekwa mbele ya vyombo. Vinataja jina la chakula na alama ya kijani kwa visivyo na nyama, basi. Korosho zilizosagwa, ambazo huenda zinatoka kwenye mikorosho yetu ya Mtwara na Lindi, zimo katika korma na katika kuku wa siagi, na haziwezi kuonekana kwa macho wala kutambulika kwa urahisi na mtu asiyejua upishi huu. Mzazi mwenye mtoto anayedhurika na korosho anaweza kumpakulia mchuzi huo kwa nia njema kabisa. Niliwauliza wahudumu watatu ni vyombo vipi vina korosho, nikapata majibu yanayopingana, mpaka mpishi mwenyewe alipotoka nyuma ya kioo na kunionyesha kimoja kimoja kwa uvumilivu. Maelezo aliyonipa yangeenea kwenye kibao bila shida, na mpaka yatakapoandikwa, mwenye mzio au mwenye mtoto wa namna hiyo amwite mpishi huyo kabla hajachukua sahani.